Kijani Kilichotuponza Kocholia

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Alupe, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipewa baiskeli, kamba ya kunyooshea mistari na gamubuti zilizonizidi mguu. Afisa Kilimo Msaidizi aliniambia, "Kijana, bwana shamba hahubiri. Shika jembe, watu wakuone." Kazi yetu ilikuwa kuotesha miche kwenye kitalu, yaani tuta lililoezekwa nyasi kuikinga na jua, kisha kuwafundisha wenyeji kuipandikiza na kuweka matandazo, zile nyasi kavu za kufunika udongo ili unyevu usipotee.

Nilipohamishiwa Kocholia nilikuta kikundi cha akina mama waliolima sukuma wiki na nyanya nyuma ya nyumba zao. Mwenyekiti wao, Mama Amoit, alikuwa Mteso mrefu asiyeishiwa na mzaha. Kila kiangazi mboga zao zilikauka, kwa kuwa maji yalikuwa mtoni, chini kabisa ya mteremko mrefu. Basi tukasikia kwamba wafadhili fulani wangechimba kisima cha pampu katika kijiji kimoja cha tarafa yetu. Wangetembezwa kwanza bustanini, kijiji kwa kijiji, ndipo waamue.

Mkubwa wangu mpya, Afisa Kilimo wa tarafa, alikuja kukagua. Alikuta majani yamejikunja.

"Nini hii? Wageni watasema watu wako ni wavivu."

"Afande, si wanakuja kuona shida ya maji?"

"Wanasaidia wanaojitahidi. Mimi nataka kijani."

Kijiji kizima kilijitolea. Wazee walifyeka njia, vijana wakabeba mabenchi ya kanisa, na akina mama wakateremka mtoni na madebe, asubuhi na jioni, mpaka siku ya ziara. Niliteremka nao.

"Bwana Shamba, hiyo debe imekulowesha mpaka suruali!" Mama Amoit alinicheka. "Utaoa na shingo gani?"

"Mama, pampu ikija nitaoa."

"Basi oa mapema. Mimi nimechoka."

Siku ya ziara, bustani ziling'aa kama za msimu wa mvua. Kiongozi wa wafadhili alipita kati ya matuta akitabasamu.

"Mama, nyinyi mko vizuri sana. Tumetoka mahali hakuna hata jani moja."

Mama Amoit aliacha kucheka. "Mzee, hii maji yote tumebeba na kichwa. Mtoni ni mbali."

"Hongereni! Huo ndio moyo wa kujitegemea."

Mama Amoit akafungua kitambaa, akainamisha kichwa mbele yake. Utosini, pale debe linapokaa, nywele zilikuwa zimeisha. Mgeni hakuelewa anaonyeshwa nini. Alidhani anaamkiwa, naye akainama kidogo. Mkubwa wangu akapiga makofi, na watu wote wakapiga.

Kisima kilichimbwa kwenye kijiji kile kisichokuwa na jani. Siwalaumu wale, walikuwa na kiu kama sisi. Habari ilipofika, Mama Amoit aliniambia, "Sasa tubaki na kijani yetu." Hakuna aliyeteremka tena kumwagilia. Bustani zilikauka kabla ya mwezi kuandama, na kikundi kikavunjika bila mkutano wowote. Mkubwa wangu alisifiwa kwa ziara iliyofana, akapandishwa cheo. Mimi nilipelekwa Malaba, mji wa mpakani, nikawahimiza watu kupanda mboga mahali ambapo kila mtu alikuwa akitazama malori.

Nimestaafu zamani. Vijana wa kilimo huja kuniuliza jinsi ya kuandaa siku ya wageni, nami huwaeleza matuta, njia na mabenchi. Kuhusu kisima sijui niwashauri nini. Tungewaonyesha ukame, labda wangetuita wavivu. Tuliwaonyesha kijani, wakatuona tumeshiba. Mwaka jana nilikwenda Kocholia kumzika Mama Amoit. Maji ya kupikia matangani yalitoka mtoni, vichwani mwa wajukuu wake.