Joint ya Alama Moja

Watu wa Bunia wananijua kwa mdomo kabla ya kunijua kwa kazi, basi niseme wazi: nilikosea nikiwa najua.

Shemeki, mume wa yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa na camion, lori linalokunywa mazout, yaani dizeli. Aliitia turbo iliyotolewa kwa camion nyingine, apate kupanda milima na maharagwe bila kubaki nyuma. Miaka ile walituambia amani imerudi, lakini barabara ya Komanda ilipitwa kwa msafara tu, askari mbele, askari nyuma, kwa kuogopa wenye bunduki wa porini. Msafara haungoji mtu. Ukikwama, unabaki na Mungu wako.

Turbo ikaunguza joint ya culasse, kile kibati kinacholala kati ya injini na kichwa chake. Ziko za unene tofauti: alama moja pembeni ni nyembamba, alama tatu ni nene. Kichwa nacho kilikuwa kimepinda, tukakipeleka kwenye mashine kikakwanguliwa. Kichwa kikikwanguliwa, moto unabanwa zaidi. Ukiongeza turbo, joint lazima iwe nene. Hata mjinga anajua hayo.

Lakini siye tuko na mambo yetu. Patron aliyenifundisha hakupima kwa chombo hata siku moja. Alipitisha ukucha wa kidole gumba pale pistoni inapochomoza, akafumba macho, akasema moja, mbili, au tatu. Nami nilifuga ukucha huo kwa majivuno. Siku ile ukucha ulikwama kwenye pistoni, ukaniambia tatu. Ukucha haukudanganya. Nilidanganya mimi.

Ya alama tatu haikuwepo Bunia nzima. Ingetoka Kampala, siku nne au tano. Ya alama moja ilikuwa inaning'inia ukutani kwangu. Shemeki alisimama mlangoni, kofia mkononi.

“Fundi, convoi inatoka kesho asubui. Maharagi inaanza kuota mu mifuko.”

Ningesema ngoja. Neno moja tu. Lakini wiki ile fundi mmoja wa upande wa soko, mtu wa maneno mengi kama mimi, alikuwa anasambaza kwamba magari yanazeekea kwangu. Ilinichoma. Nikaitoa ile nyembamba ukutani, nikaikaza.

“Iko muzuri?” akauliza.

“Iko muzuri, shemeki. Enda.”

Ilipasuka mlimani kabla ya Komanda. Moshi mweupe, maji yote chini. Dereva mmoja wa msafara alipunguza mwendo, akamwambia shemeki apande kwake, aache camion. Yule dereva ndiye aliyenieleza baadaye. Shemeki alikataa. Alisema fundi wake ni shemeki yake mwenyewe, ameitengeneza vizuri, ni joto tu, ikipoa itawaka. Walimkuta kesho yake kando ya tairi, amekufa.

Matanga yalipoisha, yaya aliniita nyuma ya nyumba.

“Ile moteri ilikuwa na nini?”

Nilikuwa na nafasi ya pili, nayo nikaitupa. “Mazout, yaya. Ilikuwa chafu.”

Mazout ile ilinunuliwa kwa mama mmoja anayeuza kwa bidon, yale madumu ya plastiki, njia panda, rafiki ya yaya tangu wakiwa wasichana. Yaya akaacha kumsalimia. Mama yule alipoleta mkungu wa ndizi kutoa pole, yaya aliubeba mwenyewe akauweka nje, kwenye njia. Naona aibu kuandika kwamba nilikuwa nimeketi pale, nakunywa chai.

Baada ya majuma machache yule mama alikuja gareji yangu. Hakuja kugombana. Alisimama amefumbata kanga kifuani, amekonda.

“Fundi, weye unajua mazout. Unionyeshe kosa yangu, niende kumuomba musamaha.”

Nikamwambia siku nyingine achuje kwa kitambaa kizito, na bidon azioshe vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akaenda kwa yaya yangu kuomba msamaha.