Ghanima na Kwale wa Jabalini

Ghanima binti Muhanna bin Nadhir ni wifi yangu. Babu yake alichimba kisima Tabora, watu wakakinywea miaka thelathini. Baba yake alitega kwale kwa tanzi, na hakuchukua hata mmoja mwenye makinda. Ghanima mwenyewe alikuja Omani na watoto watano, akapanda mitende hapa Al Kamil mpaka pakaitwa shamba.

Mwaka 2001 mvua ilikuwa haijanyesha miaka miwili. Kwale wa jabali la nyuma ya shamba, tuliozoea kuwasikia kila alfajiri, walibaki sita. Ghanima akasema hawatofika Ramadhani. Akawamwagia mtama chini ya mitende, kama walivyofanya kwao Tabora. Wakaula njiwa.

"Wifi, umefungua hoteli ya njiwa," nikamwambia.

Kesho yake alikaa nje toka alfajiri, akitazama jabali. Kwale wakateremka mbio kwa miguu, maana hawa mpaka wabanwe ndiyo waruke. Walipofika jiwe la mwisho wakasimama. Mbele yao uwanja mtupu, kisha mfereji wa falaji, na paka wetu kajilaza kando yake. Wakarudi juu na kiu yao.

"Wa Tabora hujificha majanini," akaniambia. "Hawa kichaka chao mawe. Na wanataka maji, si mtama. Nimekosea mimi."

Akajenga kidimbwi cha saruji mle mle kwenye mawe, chenye kina kifupi kama sinia, makinda wasije wakazama. Mkwewe Adham, mwalimu wa hisabu, akacheka.

"Mama, wakishazoea n'takuja na bunduki. Kitoweo kitajileta."

"Baba yangu katega kwale umri wake wote, wala hakutega penye maji. Na serikali imekataza. Hebu beba ndoo hiyo."

Akabeba. Siku ya nne tukaona nyayo.

Machi iliyofuata jike mmoja akaja na makinda tisa. Adham ndiye aliyewahesabu, mara mbili, kalala kifudifudi na kanzu yake ya Ijumaa.

Mwaka 2004 magoti yalimkataa Ghanima. Akamwita Adham, naye akaja akatoa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Kuanzia kesho maji ya kwale ni juu yako. Yawepo kabla jua halijagusa mawe. Ukishamimina ondoka, usisimame kuwatazama. Na siku ukisafiri, mwachie mke wako, usimwachie jirani."