Modemu Katikati ya Maombi

Kompyuta niliisoma usiku, katika darasa lenye mashine chache na wanafunzi wa kujaza uwanja wa mpira, na nilipohitimu niliamini kwamba ulimwengu ukiharibika nitaitwa mimi kwanza. Kwa hiyo dada yangu mdogo alipopata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo, akatakiwa aithibitishe kwa barua pepe kabla Jumapili haijaisha, la sivyo apewe mwingine, hakuna aliyemshauri aende mjini mapema. Si alikuwa na mimi? Jumapili ikafika, na maduka yote ya intaneti mjini yamefungwa.

Nilikuwa na laptopu nzee kuliko baadhi ya wachungaji, nzito kama jiwe la kusagia, niliyoiokota ofisi moja ilipokuwa ikitupa takataka. Programu za kawaida ziliikata pumzi, ndipo nikaitia Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta, ambao ungeweza kufufua hata pasi ya makaa. Kilichokosekana ni laini ya simu, kwani enzi hizo modemu ya kompyuta ilifikia intaneti kwa kupiga simu. Kwetu mtaani Umoja tulitegemea simu ya kibandani, na kwenye foleni yake kulikuwa na watu waliozaliwa humo humo. Tukaenda mtaa wa Buruburu kwa shangazi, ambako simu ilivalishwa kitambaa cha kufuma na gurudumu lake la namba likatiwa kufuli, mgeni asije akapiga hadi Kakamega.

Tulikuta kina mama wa maombi ya nyumba kwa nyumba wameshajaa sebuleni. Shangazi akatuelekeza kwenye meza ya kulia, pembeni. Nilipochomoa simu ukutani nikachomeka waya wa modemu, akanijia mbio.

"Na kufuli je?"

"Kufuli inalinda gurudumu tu, shangazi. Mimi napitia ukutani."

Alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba miaka yote hiyo amekuwa akifunga madirisha ya nyumba isiyo na mlango.

Nikaiamuru modemu ipige. Laptopu ikajibu kwamba haisikii mlio wa laini. Nikabadilisha namna ya kupiga, toni zikawa midundo ya kizamani. Hakuna mlio. Nikachomoa kadi ya modemu, nikaipuliza kama uji wa moto, nikairudisha. Hakuna mlio. Nikaandika upya amri zote mpaka laptopu yenyewe, nadhani, ikaanza kunionea huruma.

"Brathe, imeshika?" dada akanong'ona.

"Bado inajifikiria."

"Inajifikiria tangu wimbo wa kwanza."

Nikamweleza kwamba tatizo limo kwenye kiini cha mfumo. Akaniuliza kiini kiko wapi. Nikasema ndani sana. Akageukia saa ya ukutani, macho yamejaa machozi, nami nikaacha utani.

Mama mmoja alituona. "Hiyo mashine ina nini?"

"Haipati laini, mama."

"Basi tuiweke mbele za Bwana."

Wakaiweka. Waliiombea laptopu ile maombi ambayo yangetosha kuinua wafu wa makaburi yote ya Lang'ata, na waliposema amina ya mwisho shangazi akaingia chumbani, akatoka akijipangusa mikono.

"Sasa simu inaweza kulia," akasema. "Wakati wa maombi mkono wa simu ya chumbani huwa nauweka chini ya mto. Majirani wote hapa wanapigiwa kwangu, wangetusumbua."

"Shangazi, kuna simu ya pili?"

"Ile ya pinki. Mbona hukuuliza?"

Nikarudia amri ile ile ya kwanza. Modemu ikalia kama mbuzi aliyeona kisu, na sebule nzima ikamsifu Bwana. Nilijaribu kueleza kwamba simu mbili zikiwa kwenye laini moja, na moja ikiwa imeinuliwa, mlio haupatikani.

"Kijana," yule mama akasema kwa upole, "usimnyang'anye Mungu kazi yake."

Nikatuma uthibitisho. Sasa Linux ikifaulu hunyamaza. Husema ikikwama tu. Dada akakikodolea macho kioo kitupu.

"Haijasema kitu."

"Ndiyo imeenda."

"Tuma tena."

Nikatuma tena. "Tuma tena, baba," shangazi naye akaongeza, "hata Mungu hatumwombi mara moja." Kina mama wakaafiki, nami nikawa natuma tu, mpaka kiza kikaingia.

Chuo kilijibu wiki hiyo hiyo. Walifurahi kupokea uthibitisho wake, nakala zote, wakamjulisha kwa heshima kwamba kitanda alichopewa bwenini ni kimoja.