Yunis na Programu Isiyongoja Mtandao

Siku Yunis alipowapa wageni wa familia mbili chumba kimoja, mvua ilikuwa inanyesha Mikumi kama imetumwa. Mtandao ulikuwa umekata tangu asubuhi. Kompyuta ya mapokezi ilimwonyesha kwamba chumba cha mwisho kiko wazi, naye akakitoa kwa baba mmoja na wanawe waliotoka Iringa. Hakujua kwamba wakala wa Dar es Salaam alikuwa amekwisha kukiuza chumba hichohicho. Jioni wakaingia wazee wawili, mume na mke, wageni kutoka nje, mabegi yanachuruzika maji, wakamwonyesha risiti yao kwenye simu. Yunis aliitazama ile risiti, akaitazama kompyuta, akatamani sakafu immeze.

Mwenye lodji, mzee Lupakisyo, mtu wa Mbeya aliyejenga kando ya barabara kuu baada ya kustaafu, hakufoka. Aliwapa wale wazee chumba chake mwenyewe, yeye akalala kwenye kochi la ofisini. Asubuhi alipita mapokezi akijinyoosha mgongo.

"Shikamoo mzee," Yunis alisema, macho chini.

"Marahaba, binti. Hii mashine yako inajua kila kitu mpaka siku ya mvua."

Akaenda zake kunywa chai. Yunis angefarijika zaidi kama angegombezwa.

Alikuwa amesomea kompyuta Dodoma, akarudi kwao Berega na cheti kizuri, akakaa sana bila kazi. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mahindi na maharage, watu wa kanisani, na mama yake, Agnesi, kila Jumapili aliwaambia majirani kwamba Yunis anasubiri ajira ya serikali. Ajira haikuja. Ikaja hii ya mapokezi Mikumi, akaishika kwa mikono miwili. Lakini baada ya siku ile ya mvua alianza kujiuliza swali moja ambalo halikumwacha: kwa nini programu ya vyumba isimame kwa sababu tu mtandao umesimama? Vyumba vipo hapahapa. Wageni wapo hapahapa. Kwa nini taarifa zikae mbali, halafu hapa watu wabaki vipofu?

Mchana, wageni walipokuwa hifadhini wakitafuta simba, lodji ilikuwa kimya, na Yunis akaanza kuandika programu yake. Ilikuwa inakaa kwenye kompyuta ya mapokezi, inafanya kazi mtandao ukiwepo au usiwepo. Mtandao ukirudi, inazipeleka taarifa zote mbele, inapokea zilizotoka kwa mawakala, na pale zinapogongana inapiga kelele mapema, kabla mgeni hajafika mlangoni. Mara ya kwanza ilifuta majina ya wageni wote wa wiki. Mara ya pili ilimwandikia mgeni mmoja vyumba sita. Mzee Lupakisyo alivumilia, na msimu wa mvua uliofuata hakuna aliyelala kwenye kochi.

Aliyeitoa programu ile nje ya geti ni Mwinshehe. Huyu alikuwa dereva wa kuwatembeza watalii, kijana wa Kilosa mjini, mwenye mdomo ambao ungeweza kumuuzia nyati majani. Alikuwa anaingia lodji zote za Mikumi na kote alisikia kilio kilekile.

"Dada Yunis, wewe umekaa juu ya dhahabu halafu unauliza wageni wanataka chai au kahawa," alimwambia siku moja, ameegemea kaunta. "Tufungue kampuni. Wewe utengeneze, mimi niseme."

"Useme nini?"

"Chochote. Kusema ndiyo kazi yangu."

Wakaipa programu jina la Mkondoa, mto unaopita Kilosa. Mwinshehe alisema mto ule ukizibwa hapa unatafuta njia kule, na Yunis akaona hajawahi kusikia maelezo bora ya kazi yake. Lodji kadhaa za Mikumi zikaichukua. Baadaye mgeni mmoja wa Mwinshehe, aliyekuwa mtu wa kompyuta huko kwao, akaiona ikifanya kazi mtandao umekata, akauliza kama inauzwa kwenye masoko ya wingu.

Wingu, kwa watu wa fani hiyo, si lile la mvua. Ni kompyuta kubwa kubwa ambazo makampuni ya nje huzikodisha kwa dunia nzima kupitia intaneti. Makampuni hayo yana masoko yao: mtu anapanga programu yake pale kama mtu anayepanga nyanya mezani, na mnunuzi wa Brazili au wa Japani anaichukua kwa kubonyeza tu. Soko ndilo linalomtoza mnunuzi na kumlipa muuzaji. Yunis alizijua zile kompyuta tangu chuoni. Kwamba yeye naye angeweza kuwa na meza pale, hilo hakuwa amelifikiria hata siku moja.

Waliacha kazi zao wote wawili. Wakasajili kampuni, wakakodi chumba Kilosa mjini, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, kwa sababu umeme na mtandao wa pale ulikuwa na nafuu kuliko Mikumi, na kwa sababu shangazi yake Mwinshehe alikuwa anapika wali karibu na soko na hakuwa mgumu kukopesha sahani. Chini bodaboda walipiga honi kutwa nzima. Juu Yunis aliandika, na Mwinshehe akatembea na simu sikioni.

Kisha soko likawakatalia.

Jibu lilikuja kwa baruapepe fupi na ya heshima. Kuweka programu ya bure, karibuni. Kuuza kwa pesa, hapana: nchi yenu haimo miongoni mwa nchi ambazo kampuni zake zinaruhusiwa kuuza hapa. Yunis aliisoma mara nyingi, akitafuta mahali alipokosea, asipaone. Hakukuwa na kosa la kurekebisha. Hilo ndilo lililomuuma.

Mwinshehe hakukaa chini. "Shemeji yangu yuko Ulaya," alisema. "Ana makaratasi yote. Tunaandikisha kampuni kule kwa jina lake, programu tunaiweka kwa jina lake, pesa ikiingia anatutumia. Wiki mbili tu tuko sokoni."

"Na programu itakuwa ya nani?"

"Yetu! Shemeji ni mtu wa nyumbani bwana."

Ijumaa ile Yunis alipanda gari la Berega kwenda kwao. Alimkuta mama yake jikoni anapepeta maharage, akamwamkia, akaketi kwenye kigoda, akaanza kusaidia. Baba yake alikuwa ametoka. Baada ya muda alimsimulia mama yake habari yote. Agnesi hakuelewa soko wala wingu; kijijini alikuwa anawaambia watu kwamba binti yake anauzia Wazungu mawingu, na watu walicheka mpaka wakachoka. Lakini habari ya shemeji aliielewa mara moja.

"Lile shamba letu la Mamboya, baba yako aliliandikisha kwa jina la mdogo wake," alisema, ungo bado unacheza mikononi. "Kwa sababu alikuwa karibu na ofisi, ili tusisumbuke. Leo ukipita pale unaona mahindi ya nani?"

"Baba mdogo si mtu mbaya, mama."

"Nani kasema ni mbaya? Nimekuuliza mahindi ni ya nani."

Yunis aliporudi Kilosa alimwambia Mwinshehe kwamba hawatapita njia ya shemeji. Waligombana. Mwinshehe alimwita mwoga, akashuka ngazi akapiga mlango, na siku kadhaa hakuonekana. Yunis alibaki peke yake na kelele za bodaboda, akaanza kusoma kanuni za soko lile tangu mwanzo, mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele. Akagundua kwamba soko halikujali mwenye kampuni ni raia wa wapi. Lilijali kampuni imeandikishwa wapi na benki yake iko wapi. Basi kampuni yao ya Kilosa ingeweza kuzaa kampuni mtoto katika mojawapo ya zile nchi zinazoruhusiwa, kwa majina yao wenyewe, hadharani, bila kujificha nyuma ya mtu.

Alimfuata Mwinshehe kwa shangazi yake, akamkuta anakula kimya kimya, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake.

"Kuna njia," alimwambia. "Ni ndefu."

Mwinshehe alimsogezea sahani. "Ndefu kiasi gani?"

Ilikuwa ndefu kweli. Walikwenda Morogoro kuomba pasipoti. Benki ya nje ilitaka uthibitisho wa mahali wanapoishi. Wakapeleka barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri wa zambarau, benki ikauliza mtaa ni kitu gani. Ikatafsiriwa, ikarudishwa, ikatafsiriwa upya. Benki ilipokubali, wakaguzi wa soko wakaikataa programu yenyewe: sehemu moja ndani yake ilikuwa ya zamani na ina matundu ambayo wezi wa mtandaoni wangeweza kupitia. Safari hii Yunis hakuumia. Hili lilikuwa kosa la kweli na lake mwenyewe, na kosa la namna hiyo alijua kulishughulikia. Alibomoa ile sehemu akaijenga upya.

Wakati wa kuandika maelezo ya meza yao, Mwinshehe alitaka waweke anwani ya kampuni mtoto na picha ya jengo refu la vioo. Yunis aliandika: imetengenezwa Kilosa, Tanzania, kwa ajili ya mahali ambapo mtandao hukatika. Picha aliyoweka ni ya mapokezi ya mzee Lupakisyo. Mzee alikuwa amevaa suti kwa ajili ya picha ile.

Meza ikafunguliwa. Hakuna aliyekuja. Majuma yakapita, mtu mmoja akaitazama, mwingine akaijaribu akaiacha. Mwinshehe akarudia kuwatembeza watalii siku za mwisho wa wiki ili kodi ya chumba ilipwe. Ndipo ikaja baruapepe kutoka kusini kabisa mwa Chile, kwa mama mmoja aliyekuwa na nyumba za wageni kwenye visiwa vyenye baridi na dhoruba. Alitaka waongee kwa video na aione programu ikifanya kazi.

Walipanga saa kumi jioni, ambayo kule ilikuwa asubuhi. Yunis alivaa gauni lake la kanisani. Mwinshehe aliwaomba wale wa chini wapunguze honi, nao wakaahidi, wakasahau. Yule mama alitokea kwenye kioo amevaa koti zito hata ndani ya nyumba. Kiingereza chake kilikuwa cha kuvunjavunja, cha Yunis kilikuwa cha shuleni, na kwa sababu hiyo kila mmoja alisema polepole na walielewana vizuri. Yunis alikuwa amemtumia programu ya majaribio yenye vyumba vya nyumba zake, ili kila anachoandika huku kionekane kule, akaanza kumwonyesha. Akaingiza mgeni wa kwanza wa mfano, akaingiza wa pili. Radi ikapiga upande wa milimani, taa ikazimika, na uso wa yule mama ukaganda kwenye kioo, mdomo wazi, kisha ukatoweka. Mtandao wa simu nao ukaondoka.

"Basi," Mwinshehe alisema katika giza la mawingu ya mvua.

Yunis alikuwa anataka kulia. Laptopu ilikuwa bado inawaka kwa betri yake, na programu ilikuwa mbele yake, haijali kitu. Akaitazama. Halafu, kwa kuwa mikono yake haikuwa na kazi nyingine, akaendelea. Akaingiza mgeni wa tatu, wa nne. Akamhamisha wa pili chumba. Mvua ikapiga bati. Mwinshehe alimtazama kama anamtazama mtu aliyechanganyikiwa, halafu akaelewa, akavuta kiti.

"Andika na jina langu," alisema. "Chumba kikubwa."

Umeme haukurudi jioni ile, lakini mnara wa simu ulirudi mvua ilipopungua, na laptopu ikapata mtandao kupitia simu. Simu ya Yunis iliita kabla hajampigia mtu. Alikuwa yule mama wa Chile, anacheka. Hakuwa ameondoka mezani kwake. Alisema alikuwa amekwisha kukata tamaa, akawa anafunga kompyuta, ndipo majina yakaanza kuingia kwenye kioo chake, moja baada ya jingine, kutoka Afrika, na mtu mmoja anayeitwa Mwinshehe amechukua chumba chake kikubwa kuliko vyote.

"Umeme wetu ni hivihivi," alimwambia Yunis. "Wale wengine walionionyesha programu zao walikuwa na mtandao mzuri sana."

Aliinunua kesho yake kwa nyumba zake zote. Baadaye akamwambia jirani yake wa kisiwa cha pili. Mnunuzi mwingine alitoka Ufilipino, mwingine Namibia. Si wote waliopendezwa. Mmoja aliandika hadharani kwamba maelekezo ya kuiweka yameandikwa kama mtihani wa shule, na Yunis, alipoyasoma upya, aliona mnunuzi yule amesema kweli. Wakamwajiri binti mmoja wa Kilosa aitwaye Loveth, aliyekuwa na Kiingereza kizuri na subira nyingi, ayaandike yote upya na kuwajibu wanunuzi.

Mvua zilipokwisha, Yunis alikwenda Mikumi kuweka toleo jipya kwenye kompyuta ya mzee Lupakisyo, ambaye sasa alijiona sehemu ya kampuni kwa sababu ya ile picha. Loveth alifuatana naye ili aone mapokezi yenyewe yalivyo. Walipokuwa kazini simu ya Loveth ikalia, akasogea dirishani, akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja.

"Dada Yunis, ni wale wa Ufilipino. Wanauliza kama tunaweza kuifanya iongee lugha yao."

"Wana watu wa kutafsiri?"

Loveth akauliza, akasubiri. "Wanasema wanao."

"Waambie tunaweza," Yunis alisema, akavuta kiti karibu na kompyuta, akaanza kutafuta mahali ambapo lugha ya pili ingeingia.