Brashi Iliyoanzia Jichoni Mwake

Mama mdogo alikuwa na brashi tano, na mimi ndiye niliyezihesabu. Nilizihesabu kabla hatujatoka nyumbani, nikazihesabu tena kabla hatujaaga nyumba ya watu, maana wasichana wanaomsindikiza bi harusi wana vidole vyepesi na hawana haya. Mbili nene za poda, moja ya mashavu, mbili nyembamba za macho. Miaka hiyo ya sabini hakuna mwingine Isiolo aliyekuwa nazo. Wapambaji wengine walitumia kidole, pamba na kijiti cha wanja, na walipamba vizuri tu, lakini mama mdogo alikuwa na brashi, kwa hivyo yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Brashi hizo na macho yake ndivyo vilivyotulisha. Brashi zilidumu.

Alizinunua kwa mke wa afisa mmoja wa serikali aliyekuwa akihama, mama wa kizungu aliyetandaza vitu vyake barazani kama aliyefiwa. Bei ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha, nami nikacheka, ndipo ikashuka. Tulipokubaliana, yule mama akatuonyesha jinsi ya kuziosha, bure. Za poda mara moja kwa wiki. Za macho kila baada ya uso mmoja, bila kukosa.

Mama mdogo alisikiliza kwa heshima yote. Nje ya geti akaniuliza, "Kila baada ya uso mmoja. Huyu anakaa Isiolo gani?"

Swali lilikuwa la haki. Yule mama alikuwa na bomba ndani ya nyumba. Sisi wa mtaa wa Chechelesi tulinunua maji kwa mkokoteni wa punda, na punda mwenyewe alikuja siku alizotaka yeye. Maji yakifika yalikuwa na foleni yake: kwanza ya kutawadha, halafu ya chai, ya kupika, ya kuosha vyombo, ya mbuzi. Brashi zilisimama nyuma ya mbuzi. Kwa hivyo tuliziosha zote siku moja, Alhamisi, kabla ya harusi za mwisho wa wiki, na tukajiona watu safi sana.

Kazi ya kuziosha ilikuwa yangu, na niliijua vizuri. Unakwangua sabuni ya kipande kwa kisu, unaiyeyusha kwenye kibakuli cha maji vuguvugu. Unachovya manyoya peke yake, si mti, maana maji yakipanda hadi pale manyoya yalipogandishwa, gundi inaachia na utaokota brashi yako nywele moja moja. Unaizungusha kiganjani taratibu, mpaka povu litoke jeupe. Povu la kwanza la brashi ya jicho hutoka jeusi, la pili kijivu, na la tatu hukudanganya, kwa hivyo unaosha la nne. Halafu unakamua kwa vidole, unarudisha ncha yake, unailaza. Usiisimamishe, maji yatashuka kwenye gundi. Usiianike juani, itakakamaa kama ufagio. Usiianike uani pia, kwa sababu upepo wa Isiolo unatembea na vumbi la ng'ombe wa mji mzima. Mimi nilizilaza ndani ya sinia, chini ya kitanda, nikazifunika kwa shela kuukuu. Kuna jirani aliyetuambia mafuta ya taa yanatoa wanja kwa haraka. Nilimwambia ajaribu kwanza kwa brashi yake. Hakuwa na brashi.

Sasa, kuna jambo ambalo yule mama wa kizungu hakuliona, na hata angeliona asingeliamini. Kwetu, mpambaji alipaka jicho lake mwenyewe kwanza. Ilisemekana zamani kulikuwa na bi harusi aliyetiliwa pilipili kwenye wanja na mwanamke aliyemtaka bwana huyo huyo. Sijawahi kukutana na mtu aliyemwona bi harusi huyo, na nimeuliza mitaa yote, lakini hakuna mama aliyekuwa tayari binti yake awe wa pili. Kwa hivyo kabla ya bi harusi kuguswa, mpambaji alikaa mbele ya mama mtu, akachovya brashi, akajipaka ndani ya kope, chini na juu, akafungua macho. Mama mtu alimtazama kwa karibu kama anayenunua mbuzi. Jicho likitulia, brashi ile ile ilitoka hapo na kwenda moja kwa moja kwa bi harusi. Ukiiosha hapo katikati, ilikuwa kama umefuta ushahidi. Na kutoka kwa bi harusi ilikwenda kwa dada zake, kwa binamu, kwa marafiki, kila msichana akitaka chembe ya bahati iliyobaki kwenye manyoya. Hakuna msichana aliyetaka brashi iliyooshwa. Bahati ingekwenda na maji.

Jumamosi nyingine, nyumba nyingine, brashi ilianzia tena jichoni mwa mama mdogo.

Macho yalimwasha miaka mingi na hakuna aliyeshtuka. Nani hakuwashwa macho Isiolo? Tulilaumu vumbi, moshi, nzi. Kila baada ya miezi kadhaa yalikuwa mekundu, yakatoa uchafu, yakapoa yenyewe. Halafu akaanza kupepesa kwa namna ya mtu aliyeingiwa na mchanga, na mchanga haukutoka. Nikampeleka hospitali.

Muuguzi, ambaye sote tulimwita daktari na yeye hakukataa, alimgeuza ukope kwa njiti ya kiberiti na kuutazama muda mrefu. Alituambia ugonjwa ule ulikuwa umemrudia mara nyingi, na kila mara uliacha kovu. Makovu yanavuta ukope, ukope unapinda, nywele zake zinageukia ndani. Kila akipepesa, zinakwaruza kioo cha jicho. Akauliza kazi yake ni nini. Tulipomweleza, aliweka kalamu chini.

"Hiyo brashi ni barabara," alisema. "Inapeleka na inarudisha. Iosheni kila baada ya mtu mmoja, na jicho lako usiliguse nayo tena."

"Nikiacha kuligusa," mama mdogo alimuuliza, "nani ataniita?"

Muuguzi alimwandikia dawa ya kupaka, tyubu ndogo ya njano.

Njiani tulipita mnada wa mbuzi. Hapo mama mdogo akaniuliza kama ni yeye aliyewapa wasichana ugonjwa ule au wao ndio waliompa yeye. Hesabu hiyo nimeifanya mara mbili, na mara nyingi zaidi ya mbili, na haitoki.

Kuanzia siku hiyo alikataa kazi mpaka macho yapoe kabisa, na mimi nikageuka askari wa brashi. Tulikwenda harusini na debe letu la maji na kibakuli chetu. Nilikaa pembeni na sabuni yangu, na kila msichana alipoinuka nilichukua brashi nikaiosha, nikaikausha kwa kitambaa, maana brashi yenye maji inamwaga wanja mashavuni na bi harusi anafanana na mwizi aliyepigwa. Wasichana walinung'unika. Walisema naosha bahati ya watu. Nikawaambia bahati iliyokuwa humo ilishachukuliwa na bi harusi, wao walibakiziwa matongotongo. Mmoja akanijibu kwamba ndiyo maana mimi sijaolewa, naosha sana. Jibu zuri, nililiheshimu. Mama wenye nyumba walilalamika kuhusu maji, hadi nilipowaonyesha kwamba debe ni langu. Kidogo kidogo nikashinda. Hakuna brashi iliyotoka jicho moja kwenda lingine bila kupita mkononi mwangu, isipokuwa safari ile moja, ya kutoka kwa mama mdogo kwenda kwa bi harusi. Hiyo haikuwa na bei. Niliipigania nyumba baada ya nyumba, na kila mama alinisikiliza vizuri, akanikaribisha chai, halafu akageuka kumwangalia mama mdogo akingoja.

Nilifikiri nimepata njia siku tuliyoitwa Kulamawe, kwa familia moja yenye duka. Tulikwenda juu ya lori la magunia ya sukari, brashi nikiwa nimezifunga kifuani. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Brashi za macho ni mbili, zinafanana. Mama mdogo ajipake kwa moja, halafu bi harusi apakwe kwa ya pili, ambayo haijagusa mtu. Wanja ni ule ule, kichupa ni kile kile. Na ili asijipake sana, agusie tu kwenye pembe ya jicho.

Mama wa bi harusi alikuwa mwanamke mrefu, mpole, wa zile familia za Kisomali ambazo babu zao walikuwa askari wa Waingereza. Aliuangalia mpango wangu wote ukipita mbele yake. Mama mdogo alipoinua brashi ya pili, aliweka mkono wake juu ya mkono wa mama mdogo.

"Abaayo," alisema, yaani dada, kwa upole wa mtu anayefunga mlango. "Hii umeijaribu. Hii nyingine imejaribiwa na nani?"

Nikaingia mimi. Nilimwambia wanja ni mmoja. Akasema haulizi wanja. Nikamwambia brashi imeoshwa jana na leo. Akasema ndiyo sababu anauliza, imeoshwa na nini? Nikaona tunakwama, bi harusi jasho linaanza kumtoka na poda bado, kwa hivyo nikampa nilichokuwa nacho. Nilisema ya pili nitaijaribu mimi, kwenye jicho langu, hapo hapo.

Alifikiri. Niliona usoni mwake kwamba ni bei anayoweza kuikubali, na nilikuwa nimekwisha kuinyoosha brashi kuelekea kwenye wanja. Mama mdogo akaitoa mkononi mwangu.

"Wewe bado una macho," alisema. "Usiyalete sokoni."

Akaichovya, akajipaka jicho la kulia. Akachukua ya kwanza, akajipaka la kushoto, kamili, chini na juu, hakugusia pembeni. Akafungua yote mawili, akamtazama mama mtu mpaka aliporidhika. Nimefanya biashara maisha yangu yote, na hiyo ndiyo siku pekee bei ilipanda mara mbili kwa sababu nilifungua mdomo.

Nataka nieleweke: brashi zetu miaka ile zilikuwa safi kuliko sahani za hoteli. Nilirudi kwa yule muuguzi kumwambia hivyo, nikitaraji asemeje sijui. Alinisifu. Halafu akaniambia kuosha kunamlinda yule ambaye ugonjwa bado haujamfikia. Kovu halioshwi. Kope za mama mdogo zingeendelea kupinda hata kama angelala ndani ya sabuni. Alitutuma hospitali kubwa, akapasuliwa jicho moja, tukashukuru Mungu, lakini kope zikarudi kupinda ndani. Nikawa nazing'oa kwa kibano, mlangoni, penye mwanga. Ziliota tena, fupi na ngumu, na zile fupi ndizo zinazochoma. Aliniambia nisihesabu kwa sauti.

Kwa hivyo jicho likawa jekundu moja kwa moja, likawa na ukungu, na hapo ndipo desturi ile ilipotugeukia. Miaka yote jicho la mama mdogo lilikuwa shahidi kwamba wanja wake hauna neno. Sasa shahidi akawa na maneno mengine.

Ilikuwa hapa hapa mjini, kwa mama ambaye tulikuwa tumempambia mabinti wake wawili wakubwa. Tulisalimu, salaam aleikum, tukakaribishwa, tukapewa chai ya maziwa ya ngamia. Mama mdogo akakaa mbele ya mama mtu, akajipaka, akafungua macho. Chozi likashuka na wanja hadi kidevuni. Alijaribu kutopepesa. Alijaribu kweli, nilimwona akiishika khanga yake kwa vidole vyote kumi.

"Basi, abaayo, wacha," mama yule alisema. "Si lazima."

Hakutufukuza. Alitulipa nauli, akatufungia sambusa. Lakini jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba wanja wa mama mdogo ndio uliomharibia macho, na ikiwa umemharibu mwenyewe, je, binti za watu? Nilizunguka nikieleza. Wanja hauna kosa, nilisema, ni kule kujipaka. Walinisikiliza kwa huruma. Hakuna aliyetuita tena, mjini wala Kulamawe, na Sericho, ambako zamani walikuwa tayari kumngoja mama mdogo siku nzima ya safari, walipata mtu wa kijiti.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini msichana mmoja alirudi kutoka Nairobi akafungua chumba cha urembo barabara kubwa. Nilikwenda kumtazama, nikajifanya nauliza bei. Brashi zake alizisimamisha kwenye gilasi, chafu, ncha zimeshikana. Nikaketi nikangoja aje bi harusi. Akaja, na mama yake. Msichana akachukua brashi kwenye gilasi na kumpaka yule binti macho, hivyo tu, huku akitafuna chingamu. Nilimwinamia mama mtu nikamuuliza mbona hajamwambia mpambaji ajijaribu kwanza.

"Ah, hayo ni ya zamani," alisema.

Nilirudi Chechelesi kwa miguu. Mama mdogo alikuwa amekaa kitandani, uso ameuelekeza mlangoni, kwa sababu mwanga alikuwa bado anauona, mwanga na kivuli cha mtu anayepita. Alinijua kwa hatua. Sikutaka kumwambia, lakini mji huu hauna siri, angeambiwa na mwingine na angeambiwa vibaya. Nikamwambia siku hizi wapambaji hawajipaki tena. Mama wenyewe hawaulizi.

Aligeuza uso kunielekea.

"Wameacha tangu lini?"

Nikamwambia nimeulizia: tangu yule msichana afungue, labda kabla kidogo. Yeye ambaye hesabu zote aliniachia mimi, akaanza kuhesabu kwa vidole, akirudi nyuma, harusi kwa harusi. Alifika kwenye harusi yetu ya mwisho, ile ya chozi, akasimama.

"Basi kulibaki kidogo tu waache," alisema.

Chai ilikuwa imepoa. Niliipasha moto tena, nikamshika mkono, nikaupeleka polepole mpaka ukakuta kikombe.