Unga Juu ya Mafuta

Andika, mjukuu wangu, wala usinipambe. Mimi ni Yusufu, mwana wa Hamisi aliyezaliwa Ujiji na Zainabu aliyezaliwa hapa Gisenyi. Shule sikuingia; useremala nilifundishwa na Mzee Ramadhani, enzi za Wabelgiji.

Nakumbuka Jumatano moja ya masika, tukimalizia kitanda cha bi harusi. Mzee aliniachia kazi ya mafuta ya kitani: kupaka kidogo, kusugua kwa kiganja mpaka mbao zipate joto, kungoja zinywe, kisha kufuta yote yaliyobaki. Nami, nikitamani kitanda king'ae upesi, nilimimina mengi nikayaacha. Alhamisi mbao zilinata. Ijumaa zilinata vilevile, kwa unyevu wa ziwa.

Nilishikwa na hofu. Mjini kwetu, mwanangu, shangazi za bi harusi walikuwa wakitandika shuka jeupe juu ya mbao tupu na kulikandamiza. Likichafuka, kitanda kinakataliwa, na hakuna nyumba itakayomwita fundi yule tena. Jina lililokuwa hatarini ni la mzee, si langu. Badala ya kusema, nilipaka unga wa muhogo juu ya mafuta, mkono usihisi kitu.

Shangazi walifika baada ya swala.

“We fundi, mbona mbao yako inanukia ugali?” akauliza mkubwa wao. “Tumekuja kuona kitanda ao kula?”

Walicheka. Yule mkubwa alipolikunjua shuka, nilimwona mzee akitabasamu kwa kuniamini. Sikuweza tena.

“Shangazi, musitandike. Mafuta sikufuta. Kosa iko yangu, mzee hajui.”

Mzee aliomba siku moja, akapewa kwa shingo upande. Tulisugua kwa gunia lenye mafuta mapya kidogo, yalegeze yale yaliyonata, kisha kwa kitambaa kikavu, mpaka viganja vikachubuka. Jumamosi shuka lilitoka jeupe.

Ndipo aliponiambia: “Kutofuta ni ujinga, nao hufundishika. Unga ule ndio ulionitia hofu juu yako.”

Basi, mwanangu, ukiharibu kazi ya mtu, mwambie mapema, kosa lingali linarekebishika, usilifunike. Randa yangu usiiuze, iweke mahali pakavu. Na jina la Mzee Ramadhani waambie wanao walihifadhi. Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usioogopa kweli.