Fomu Iliyomkataa Uwase

Illuminée huitukana kompyuta kwa Kirundi. Tumekaa kibaraza kimoja hapa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, miaka kumi na moja, mimi na cherehani yangu upande wa kushoto, yeye na meza yake, kompyuta na printa upande wa kulia, na nimeshajua kupima tatizo kwa urefu wa tusi. Tusi fupi, ukurasa umegoma kufunguka. Tusi refu, ukurasa umefunguka vizuri, mteja amejaza kila kitu, kisha umefuta vyote kwa sababu ya kijisehemu kimoja kilichobaki wazi.

Kazi yake ni kuwajazia watu fomu. Siku hizi mtu akitaka cheti, nafasi ya shule au kumwona daktari bingwa, anaambiwa aingie kwenye tovuti. Wengi wana simu, lakini kwenye simu zao kitufe cha kutuma kinajificha chini kabisa ya kioo, ukikigusa kinakimbia, basi wanakuja kwake. Alizaliwa Bujumbura, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, akasomea kupiga taipu na kuajiriwa kwenye ofisi ya kahawa. Aliporudi Kigali mwaka tisini na tano alikuja juu ya lori na taipureta yake magotini. Taipureta ilishakufa, vidole bado vizima. Anaandika kwa vyote kumi bila kuviangalia, huku anakuuliza habari za watoto wako.

Mimi ni Valens, fundi nguo, niliyekulia Karagwe upande wa Tanzania, na sina subira na kazi ya ovyo. Nguo inaanza na futi. Unampima mtu, ndipo unashika mkasi. Hawa wanaotengeneza tovuti sijui wanampima nani. Nimemwona mzee wa miaka themanini akiutafuta mwaka wake wa kuzaliwa kwenye kalenda inayorudi nyuma mwezi mmoja mmoja, kuanzia mwezi huu tulio nao. Illuminée alibonyeza mshale mpaka kidole kikafa ganzi, na walipofika mwaka wa sitini na nane mtandao ukakatika. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Yeye hakucheka. Alitoa daftari la shule analoandikia makosa ya tovuti, akaongeza mstari.

“Siku moja nitawapelekea,” alisema.

“Utampelekea nani, Mama Illuminée? Hizi tovuti zinaota zenyewe, kama uyoga.”

“Nyamaza ushone.”

Jumatatu moja ya mwezi wa saba alikuja Mukasine, mama anayeuza mboga kule Nyakabanda, akiwa na binti yake Uwase wa miaka sita. Uwase aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili, ikamwachia masikio yanayosikia kidogo sana. Anakuangalia mdomo unapoongea, macho hayabanduki, mpaka unaona haya. Shule iliyo karibu nao ilikuwa imekubali kumpokea Septemba kama atakuwa amepata vifaa vya kumsaidia kusikia. Na kwa bahati, shirika moja la madaktari wa masikio lilikuwa linakuja kwa wiki moja kuwavalisha watoto vifaa hivyo bure, katika hospitali moja ya mjini. Kujiandikisha ni mtandaoni tu. Mwisho Ijumaa saa sita mchana.

Illuminée akajaza. Jina la mtoto, Christella. Jina la ukoo la mtoto, Uwase. Jina la mzazi, Béatha. Jina la ukoo la mzazi, Mukasine. Akabonyeza. Yakatokea maandishi mekundu: jina la ukoo la mtoto halilingani na la mzazi.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Hapa Rwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe anapozaliwa. Baba ana lake, mama ana lake, ndugu wa tumbo moja wana majina yasiyofanana, na hakuna anayeshangaa. Ukoo unaujua kwa kuuliza. Sasa fomu hii ilikuwa inatudai kitu ambacho hatuna.

Illuminée akajaribu jina la baba wa mtoto, Ntakirutimana. Mekundu. Akaacha wazi. Mekundu, na yote aliyoyajaza yakafutika. Tusi likawa refu mpaka Mukasine akamziba mtoto macho, maana masikio hayakuwa na haja ya kuzibwa.

Mimi ndiye niliyeharibu. Nilikuwa na pini mdomoni, suti ya bwana harusi mkononi, na kelele zile zimenichosha. Nikasema, “Mwandikie mtoto jina la mama yake, mashine inyamaze.”

Alisita. Nilimwona akisita. Kisha akaandika Mukasine Christella, akabonyeza, na maandishi ya kijani yakatushukuru kwa kujiandikisha. Mukasine akatuachia fungu la dodo, mchicha wa huku kwetu, akaenda zake akiimba.

Alhamisi saa tatu asubuhi alirudi mbio, simu mkononi. Muuguzi kutoka hospitali alikuwa amempigia. Muuguzi hakuwa na ubaya wowote, alisema tu kwamba wamelinganisha orodha na vyeti vya kuzaliwa, na hakuna mtoto anayeitwa Mukasine Christella. Cheti kinasema Uwase. Asahihishe kwenye tovuti kabla ya kesho saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Illuminée akafungua tovuti. Hakuna mahali pa kusahihisha. Akajaribu kumsajili upya, ikamjibu kwamba mzazi huyu ameshasajili mtoto. Akapiga namba iliyoandikwa pale, ikaita hadi ikakata. Akaandika barua pepe, ikarudi baada ya dakika moja ikisema anwani hiyo haipo. Alirudia hayo yote mpaka alasiri, na safari hii hakutukana hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

“Basi tuache,” Mukasine akasema. “Labda watarudi mwaka mwingine.”

“Nani amesema watarudi?” Illuminée akamwuliza.

Hakuna aliyekuwa amesema.

“Mama Uwase, unisamehe. Mi naandikia watu tangu niko na miaka makumi mbili. Sijawahi kuharibu jina ya mutu. Ya mutoto wako ndiyo nimeharibu.”

Nilitaka kusema kwamba ni mimi niliyemshauri. Nilisema, lakini kwa sauti ndogo, na nilijichukia kwa udogo wa ile sauti.

Ijumaa nilipofika saa moja asubuhi nilimkuta ameshafungua, pua imekaribia kioo. Chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za kijivu ndogo kama chawa, paliandikwa jina la ofisi iliyotengeneza tovuti. Sote tulikuwa tumedhani mambo haya yanatoka Ulaya. Kumbe ofisi iko Niboye, hapahapa Kigali, na namba ya barabara ipo.

“Funga cherehani,” akaniambia.

“Suti ya bwana harusi je?”

“Harusi iko kesho. Saa sita iko leo.”

Tukachukua pikipiki tatu: Illuminée na daftari lake, Mukasine na Uwase mgongoni, mimi nyuma yao nikishika kofia ngumu isiyonitosha. Niboye tukaikuta nyumba ya kawaida yenye geti la bluu, na sebuleni vijana wanne na kompyuta zao. Aliyeinuka kutupokea alikuwa na miaka ishirini na sita hivi, mpole, shati limepigwa pasi. Akatuletea viti kwa mikono miwili. Jina lake Bertrand, na tovuti ile alikuwa ameitengeneza yeye.

Illuminée akamweleza. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa heshima, akimwita mzazi kwa Kinyarwanda, “Mubyeyi, ile sisitimu iko sawa. Hatujapata malalamiko hata moja.”

“Hamjapata kwa sababu anwani yenu inarudisha barua!” nikadakia. Illuminée akanikanyaga mguu.

“Mwanangu,” akasema, “weye unaitwa nani, majina yote?”

“Bertrand Nkusi.”

“Na muzee wako?”

“Silvère Rugamba.”

“Basi tukusajili. Weye ndiye mutoto unaumwa masikio, muzee Rugamba ndiye amekuleta. Andika.”

Kijana akacheka, akaketi, akaandika. Nkusi. Rugamba. Akabonyeza. Mekundu.

Akaacha kucheka. Akaandika tena polepole, kama vile kosa lilikuwa la vidole. Mekundu tena. Wenzake watatu wakawa wameacha kazi zao wanaangalia.

“Kwa hiyo muzee Rugamba si baba yako?” Illuminée akamwuliza, bila kejeli.

Bertrand akajifuta uso. “Hii sehemu sikuiandika mimi, mubyeyi. Niliichukua ikiwa tayari, iliandikwa kwa ajili ya shule fulani huko nje. Nilipoiweka ikafanya kazi, nikaiacha.”

“Hukuijaribu?”

“Niliijaribu.”

“Kwa majina gani?”

“John Smith,” akasema. “Na baba yake, Peter Smith.”

Hasira iliyonipanda ilikuwa na kicheko ndani yake. Kijana wa Kinyarwanda, mtoto wa Rugamba, amekaa Niboye kati ya watu wa kwao, akataka kujaribu fomu ya watoto wa Kigali, na mtu wa kwanza aliyemjia akilini ni Smith! Nikamwambia, “Wewe umeshona suti kwa vipimo vya mtu ambaye hajawahi kuingia dukani.” Hakubisha. Masikio yake yalikuwa yameiva kwa aibu.

Akafungua maandishi ya programu, mistari mingi isiyo na mwisho. Alisogea chini, akasogea juu, akaenda mahali pengine, akauliza mwenzake, akarudi. Ilimchukua zaidi ya nusu saa kuupata mstari ule, na sekunde moja kuufuta. Kisha akafuta usajili wa mtoto ambaye hayupo, akampisha Illuminée kiti. Illuminée akaandika kwa vidole kumi: Uwase Christella, mzazi Mukasine Béatha. Kijani. Saa ukutani ilikuwa nne kasoro dakika tano.

Mukasine alipiga magoti palepale sakafuni akasali. Mimi nilisimama, nikatafuta kofia yangu, nikimfikiria bwana harusi. Illuminée hakuondoka kwenye kiti.

“Na wengine?” akauliza.

“Wengine gani?”

“Wenye walifika hapa kwa mekundu wakarudi nyumbani.”

Bertrand akainama akaandika kitu, akasubiri. Tulimwona akihesabu kwa midomo. Wazazi sitini na watatu walikuwa wameanza fomu ile wakakwama ukurasa uleule, na hakuna aliyelalamika. Nafikiri kila mmoja alidhani kosa ni lake. Namba zao za simu zilikuwepo, zimehifadhiwa.

Illuminée akamtazama yule kijana, na mimi nilijiandaa kusikia Kirundi. Badala yake akavua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani, akasema, “Leta hizo namba. Tugawane.”

Tukagawana. Vijana wanne, Illuminée, Mukasine, mimi. Sijawahi kufanya kazi ya namna ile. Unapiga, mtu anadhani wewe ni tapeli, unamwambia rudi kwenye fomu, safari hii itakukubali, anakuuliza kwa nini safari hii, nawe huna muda wa kueleza. Mukasine alikuwa hodari kuliko sisi sote. Alisema tu, “Mi niko mama kama weye, wangu ameshaingia,” na watu walimwamini. Bertrand aliipigia hospitali, akasema waziwazi kwamba kosa ni lake, akaomba muda. Wakatupa mpaka saa kumi na moja jioni.

Wale ambao hawakuweza kujaza, Illuminée aliwajazia kwa simu, sikio moja kwa mzazi, jingine kwa mtoto anayelia upande wa pili. Jioni ilipofika walikuwa wameingia hamsini na sita. Saba hatukuwapata. Simu zao zilikuwa zimezimwa, na mpaka leo nikiiona familia yenye mtoto asiyesikia najiuliza kama ni mmoja wa wale saba. Suti niliimaliza alfajiri, mkono mmoja ukiwa mrefu kidogo. Bwana harusi hakugundua, au alikuwa na furaha.

Kabla hatujaondoka Niboye, Illuminée alimwachia Bertrand lile daftari. Alilisoma akiwa amesimama getini, jua linazama. Tangu hapo huja kibarazani kwetu kila Jumamosi asubuhi. Huketi kwenye kigoda, hagusi kompyuta, anaangalia tu wazee wanavyohangaika na vitufe, na kuandika. Namwambia sasa angalau ameshika futi.

Siku ya madaktari Mukasine alituomba tumsindikize. Illuminée alivaa kitenge chake cha misa. Korido ilijaa watoto, na wazazi wengine walimtambua kwa sauti yake ya kwenye simu, wakaja kumshika mkono. Alijifanya kuona haya. Kwa kweli alifurahi, na alistahili.

Zamu ya Uwase ikafika. Daktari akamwekea kifaa sikio la kushoto, kisha la kulia, akakigeuza kidogo, akamwashiria mama mtu aseme neno. Mukasine akainama. Kwa miaka minne alikuwa amezoea kuongea na mwanawe kwa kupiga kelele, mdomo sikioni, na hakujua namna nyingine.

“UWASE! UNANISIKIA?”

Mtoto akaruka. Akanyoosha mkono akamfunika mama yake mdomo kwa kiganja.

“Mama,” akasema, “polepole.”

Nikasikia Illuminée analia nyuma yangu, na mimi sikuweza kugeuka kumtania kwa sababu nilikuwa nalia pia. Mukasine akautoa ule mkono mdogo mdomoni, akaubusu. Kisha akamwita tena mwanawe, kwa sauti ya chini, ya mtu anayejifunza, na Uwase akaitika.